Wembe ni ule ule, kinachonolewa ni bei

WAHENGA walisema mtoto akililia wembe, mpe. Hawakutaja wembe huo uwe na nyembe ngapi ndani yake, wala hawakuuliza iwapo una betri, shingo inayonesa au utepe wa mafuta. Katika zama zao wembe ulikuwa kipande kimoja cha chuma, na aliyeulilia alikijua vyema alichokililia.

Siku hizi mtu mzima aingiaye katika duka kubwa kutafuta kitu cha kuondolea ndevu hukabiliwa na rafu nzima ya majina ya kutisha. Upo Mach3, jina lililokopwa kutoka kwa kipimo cha kasi ya ndege zinazoipita sauti. Upo Fusion, neno ambalo wanafizikia hulitumia kueleza jinsi jua linavyozalisha joto lake. Kuna Quattro, Turbo na Power. Anayesoma maandishi ya pakiti hizo bila kuona kilichomo anaweza kudhani kwamba amepotea njia na kujikuta katika karakana ya jeshi la wanahewa, ilhali alitaka tu kwenda kazini kesho akiwa na kidevu safi.

Makala haya yanalenga kueleza jinsi chombo sahili kama wembe kilivyopandishwa ngazi kutoka ubapa mmoja hadi saba, nani aliyefaidika katika kila ngazi, na kwa nini suala hili si mzaha mtupu kwa mwanamume Mwafrika mwenye ndevu za kipilipili.

Mwasisi aliyeuchukia ushindani

King Camp Gillette alizaliwa mwaka wa 1855 katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Alikuwa mchuuzi wa kusafiri aliyeuza vizibo vya chupa kwa niaba ya kampuni ya Crown Cork and Seal. William Painter, mvumbuzi wa kizibo cha bati tunachokibandua kwenye chupa za soda hadi leo, alimshauri atafute bidhaa ambayo mteja ataitumia, ataitupa, kisha atarejea dukani kuinunua nyingine.

Wazo lenyewe lilimjia Gillette mnamo 1895 akijinyoa. Wakati huo wanaume walitumia kisu kikubwa cha kunyolea kilichohitaji kunolewa kila mara kwenye mkanda wa ngozi, la sivyo walikwenda kwa kinyozi. Gillette akafikiria kipande chembamba cha chuma, chenye makali pande zote mbili, kisichonolewa kamwe. Kikiwa butu, kinatupwa.

Aliyelitimiza wazo hilo ni William Nickerson, mhandisi aliyesomea Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), ambaye alifaulu kukifanya chuma chembamba kiasi hicho kishike makali. Kampuni iliundwa 1901, na mauzo yakaanza 1903. Mwaka huo wa kwanza iliuza mipini 51 na nyembe 168 pekee. Mnamo 1904 Gillette alipewa hataza, yaani hati inayomhakikishia mvumbuzi haki ya kipekee ya kutengeneza alichokibuni kwa muda maalumu.

Kuna kinaya kikubwa katika maisha ya bwana huyu. Mnamo 1894, mwaka mmoja kabla ya kupata wazo la wembe, alikuwa amechapisha kitabu kiitwacho The Human Drift. Humo alidai kwamba ushindani wa kibiashara ndio chanzo cha maovu mengi ya binadamu, na akapendekeza viwanda vyote viunganishwe kuwa kampuni moja inayomilikiwa na umma. Wamarekani wengi wangeishi katika jiji moja kuu karibu na Maporomoko ya Niagara, ambayo yangewapa nguvu za umeme. Jiji hilo halikujengwa. Badala yake, jina la mtu aliyeulaani ushindani likawa nembo ya mojawapo ya mashindano marefu na ya ajabu zaidi katika historia ya biashara.

Hesabu ya mpini na wembe

Wanafunzi wa biashara hufundishwa kwamba Gillette alitajirika kwa kuutoa mpini karibu bure ili apate faida kwa kuuza nyembe. Ni hadithi tamu, lakini haiafikiani kikamilifu na historia. Randal Picker, profesa wa sheria katika Chuo Kikuu cha Chicago, ameonyesha kwamba katika miaka yote ambayo kampuni hiyo ililindwa na hataza, mpini wake uliuzwa kwa dola 5. Hicho hakikuwa kiasi kidogo katika enzi hizo. Ilikuwa takriban theluthi moja ya mshahara wa wiki wa mfanyakazi wa kawaida.

Mambo yalibadilika 1921 ulinzi wa hataza ulipokwisha na washindani wakaruhusiwa kuiga. Gillette ilifanya nini? Iliushusha bei mpini wa zamani hadi dola 1, kisha ikazindua mwingine ulioitwa bora zaidi, wenye hataza mpya, kwa zile zile dola 5.

Naomba msomaji aitie tarehe hiyo akilini, maana humo ndimo umo ufunguo wa mambo yote yaliyofuata. Ndevu za binadamu hazikubadilika mwaka wa 1921. Uso haukuota pembe. Kilichobadilika ni kalenda ya kisheria. Hataza inapokaribia kufa, mtengenezaji anahitaji kitu kipya kabla hajaibiwa soko, na iwapo hakuna tatizo jipya la kutatua, basi tatizo lenyewe halina budi kubuniwa.

Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba wembe unaodumu ni adui wa auzaye nyembe. Mapema katika miaka ya sitini kampuni ya Uingereza ya Wilkinson Sword iliingia sokoni na wembe wa chuma kisichopata kutu, uliodumu kwa siku nyingi kuliko ule wa kawaida. Wanaume waliukimbilia. Gillette, ambayo haikukosa ujuzi wa kutengeneza wembe kama huo, ilisitasita hadi 1963 ilipotoa wa kwake. Mtu hahitaji shahada ya uchumi kuelewa sababu ya kusitasita. Anayeuza maji hapendi kusikia kwamba mteja amechimba kisima.

Kutoka mbili hadi saba

Mnamo 1971 Gillette ilizindua Trac II, wenye nyembe mbili katika kichwa kimoja cha plastiki. Maelezo yalikuwa kwamba wembe wa kwanza huuvuta unywele ukachomoza kidogo, na kabla haujarudi ndani, wembe wa pili huukata chini zaidi. Faida ya kibiashara ilikuwa wazi vilevile. Wembe wa zamani wa pande mbili ungeweza kutengenezwa na kiwanda chochote duniani na ukaingia katika mpini wowote. Kichwa cha Trac II kiliingia katika mpini wake peke yake. Aliyeununua mpini alikuwa ameoa, na mahari angeilipa kila mwezi.

Wachekeshaji hawakukawia. Tarehe 11 Oktoba 1975, katika kipindi cha kwanza kabisa cha Saturday Night Live, televisheni ya NBC ya Marekani ilionyesha tangazo la mzaha la wembe wa nyembe tatu. Ujumbe wake ulikuwa kwamba bidhaa hiyo ipo kwa sababu mnunuzi yu tayari kuamini lolote. Watazamaji walivunjika mbavu. Nyembe tatu! Nani angekubali upuuzi kama huo?

Mnamo 1998 Gillette ilizindua Mach3, wembe wa nyembe tatu. Iliripotiwa kwamba utafiti, mitambo na maandalizi yake yaligharimu dola milioni 750. Katika tangazo lake kulikuwa na rubani wa ndege ya kivita. Hakuna aliyecheka, na wembe huo ukauzwa kote duniani.

Mwaka wa 2003 mshindani wao, Schick, akajibu kwa Quattro yenye nyembe nne. Gillette ilikwenda kortini ikidai kwamba hataza yake imeingiliwa. Hivyo basi majaji wenye elimu kubwa wakaketi kuamua iwapo hati inayozungumzia nyembe tatu yaweza kuhusu pia wembe wenye nne. Mnamo 2005 mahakama ya rufaa ya shirikisho, kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, ilisema inawezekana. Mtoto wa darasa la kwanza angewasaidia kwa kuwakumbusha kwamba anayefika nne lazima awe amepitia tatu.

Februari 2004 gazeti la mzaha la The Onion lilichapisha makala ya kubuni ambamo mkurugenzi mwenye hasira wa kampuni ya nyembe anaapa kupita nne na kwenda moja kwa moja hadi tano. Septemba 2005 Gillette ilitangaza Fusion: nyembe tano mbele, na mwingine mmoja nyuma kwa kupunguzia pembeni. Ni nadra kwa mzaha kutimia upesi namna hiyo. Jarida la The Economist nalo, mnamo 2006, lilichora grafu ya idadi ya nyembe kwa miaka na kuuliza, kwa utani, ni lini wembe mmoja utakuwa na nyembe 14. Baadaye kampuni ya Dorco ya Korea Kusini ilifika sita, kisha saba.

Nyembe zilipokaribia kukosa nafasi, wabunifu waligeukia sehemu nyingine. Mpini ukatiwa betri ili utetemeke. Shingo ikawekwa mpira wa kuzunguka mnamo 2014. Mwaka wa 2019 ukaja wembe unaopashwa moto kwa umeme, uliouzwa dola 200. Babu zetu walipata joto hilo hilo kutoka kwa sufuria.

Je, kuna ukweli wowote?

Itakuwa dhuluma kudai kwamba yote ni porojo. Wembe wenye shingo inayonesa hufuata mikunjo ya taya kwa urahisi kuliko ule mgumu. Nyembe kadhaa zikipangwa karibu karibu hugawana uzito wa mkono, na hivyo ngozi haifumi sana katikati yake. Chuma cha leo na rangirangi za kinga zinazopakwa juu yake ni bora kuliko cha 1903. Wahandisi wanaofanya kazi hiyo ni watu stadi.

Isitoshe, kukata unywele si jambo dogo kisayansi. Mnamo 2020 watafiti wa MIT walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa jinsi unywele, ambao ni laini kuliko chuma cha wembe takriban mara 50, unavyoweza kumega makali ya chuma hicho. Waligundua kwamba unywele ukipinda ukiwa karibu na mahali ambapo chuma hakijawa na umbile sawa kwa ndani, vijipande vidogo sana humeguka. Hicho ndicho chanzo kimojawapo cha wembe kuwa butu. Hapo pana tatizo la kweli, na suluhisho lake ni chuma bora kinachodumu. Msomaji atakumbuka kwamba kudumu si neno linalopendwa sana katika biashara hii.

Pale madai yalipopimwa na watu wasiokuwa wauzaji, baadhi hayakusimama. Mnamo Mei 2005 jaji wa mahakama ya shirikisho katika jimbo la Connecticut alisikiza kesi kuhusu M3Power, wembe wa betri uliozinduliwa 2004. Tangazo lake lilidai kwamba mtetemo huinua nywele ili zikatwe vyema, na likaonyesha nywele zikirefuka kama mimea baada ya mvua. Jaji aliamua kwamba dai hilo halikuwa na ushahidi na halikuwa sahihi, na kwamba picha ile ilitia chumvi kupita kiasi. Tangazo likaamriwa kubadilishwa.

Ngozi ya nani ilipimwa?

Kwetu sisi, hapa ndipo utani unapokoma. Sifa kuu ya wembe wa nyembe nyingi ni kukata unywele chini ya usawa wa ngozi. Kwa mwenye nywele zilizonyooka, unywele huo hukua na kutokeza tena bila taabu. Nywele za kipilipili hujikunja. Ncha iliyokatwa chini ya ngozi, na kwa mshazari mkali, hugeuka mkuki: huitoboa ngozi kutoka ndani, au hutoka kisha ikapinda na kuingia tena. Mwili huiona kama mwiba na kuanzisha vita. Matokeo yake ni vipele vinavyowasha, madoa meusi na wakati mwingine makovu kidevuni na shingoni.

Madaktari wa ngozi wanalijua tatizo hili vyema na wanasema huwapata zaidi wanaume wenye asili ya Kiafrika. Ushauri wao wa kawaida ni kinyume cha matangazo: usinyoe karibu mno na ngozi, usiivute ngozi unaponyoa, fuata upande ambao nywele zinaelekea, tumia wembe mmoja badala ya rundo, au tumia mashine ya umeme inayoacha unywele mfupi juu ya ngozi. Kwa wengine, kufuga ndevu ndiyo tiba.

Si jambo la urembo pekee. Katika jeshi la Marekani, ambako askari hulazimika kunyoa, askari weusi wengi wamekuwa wakihitaji barua ya daktari ili wasamehewe. Mnamo 2025 kikosi cha Marine Corps kilitoa mwongozo unaoruhusu askari ambaye tatizo hilo limedumu zaidi ya mwaka mmoja kuondolewa kikosini. Mtu anaweza kupoteza kazi kwa sababu unywele wake umejikunja.

Kwa mintarafu hii, kinyozi wa mtaani mwenye mashine yake ya umeme, chupa ya spiriti na kioo kilichopasuka anaweza kuwa anamtendea haki mteja wake kuliko maabara ya mabilioni ya fedha, mradi tu asafishe vifaa vyake baada ya kila kichwa. Mashine yake haifiki chini ya ngozi, na hiyo ndiyo sifa yake. Kinyozi hajinyoi, lakini wateja wake anawafahamu.

Kurudi mahali pa kuanzia

Ushahidi mzito zaidi dhidi ya mbio za kuongeza nyembe ulitolewa na Gillette yenyewe. Kampuni hiyo, ambayo ilikuwa imenunuliwa na Procter & Gamble mnamo 2005 kwa takriban dola bilioni 57, ilitaka kuwafikia wanaume wa India wenye kipato kidogo. Wembe wa awali uliopelekwa huko ulikuwa umejaribiwa na wanafunzi Wahindi waliokuwa Marekani, ambako maji hutiririka kutoka kwa mfereji. Wateja wenyewe walinyoa wakiwa wameketi chini, wakiwa na kikombe kimoja cha maji na kioo kidogo. Bila maji ya kutiririka, nywele zilinasa kati ya nyembe na wembe ukaziba.

Wahandisi walipokwenda kuketi na wateja majumbani mwao, walirejea na Gillette Guard, uliozinduliwa India mwaka wa 2010 kwa rupia 15, na kichwa cha akiba kwa rupia 5. Ulikuwa na sehemu chache, ulisafishika kwa maji kidogo, na ulikuwa na nyembe ngapi? Mmoja. Ukafanikiwa sana. Kumbe swali likianzia kwa mnyolewaji, jibu huwa tofauti na likianzia kwa muuzaji.

Nchini Marekani nako, wanaume walichoka. Mnamo Machi 2012 kampuni changa ya Dollar Shave Club ilitoa video ya kuchekesha kwenye intaneti ikiwauliza wanaume kwa nini wanalipia betri na taa wasizozihitaji. Maelfu walijiunga. Nyembe zenyewe ilizinunua kutoka kwa Dorco, kampuni ile ile iliyofika nyembe saba; ilichokibuni hasa ni tangazo. Mnamo 2016 Unilever iliinunua kwa kiasi kilichoripotiwa kuwa dola bilioni 1. Mwaka uliofuata Gillette ilipunguza bei zake Marekani kwa wastani wa asilimia 12, na mnamo 2019 Procter & Gamble ilikiri vitabuni kwamba thamani ya biashara hiyo imeshuka kwa takriban dola bilioni 8. Sababu mojawapo ni kwamba vijana walikuwa wamegundua uvumbuzi uliozishinda nyembe zote, nao ni kutonyoa.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, wasema Waswahili. Hakuna anayesema mtu asinunue wembe wa nyembe tano ikiwa ngozi yake inaukubali na mfuko wake unauweza. Hata hivyo, maswali matatu yanatosha kumlinda mnunuzi wa wembe, na pia wa simu, dawa ya meno na vingine vingi. Kilichoongezwa kinatatua tatizo gani nililokuwa nalo jana? Kilijaribiwa kwa watu wenye mwili na maisha kama yangu? Na sehemu ya kubadilisha itanigharimu kiasi gani kwa mwaka, si leo tu?

Muuzaji akikosa majibu, mrudishie pakiti yake rafuni kwa heshima. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Lakini kwanza uliza bei ya kichwa cha akiba.